Mwanafunzi Bora wa Katalogi

Kadi ya maktaba aliyoiweka fundi cherehani juu ya kaunta haikuwa yake. Ilikuwa na jina la mwanamke.

"Ya mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Aliniacha mwaka jana."

Mkutubi aliacha alichokuwa anafanya. "Pole sana, kaka yangu. Na watoto je?"

"Binti mmoja. Waliondoka pamoja."

Mkutubi alijishika kifua. Hakutaka kuuliza kama ilikuwa ajali au moto. Kuna maswali yanayomtonesha mtu kidonda. Akamvutia kiti.

Ilikuwa Jumanne, siku ya darasa la katalogi ya mtandaoni. Darasa lenyewe alilipigania yeye, mpaka mkuu wa maktaba akakubali shingo upande. Kwa wiki sita alikuwa akivifundisha viti vitupu, pamoja na mstaafu mmoja aliyefuata feni. Mkuu alikwisha kumwambia: kama watu hawaji, mwisho wa mwezi ujao kompyuta zile zinahamishiwa ofisini. Ndipo akatokea fundi, tepu ya kupimia bado iko shingoni, kijidaftari mkononi.

"Nasikia siku hizi maktaba yote imo humo ndani," alisema, akionyesha kompyuta. "Mke wangu alikuwa msomaji, mimi sikuwa. Sasa nataka kujua alisoma nini. Kitabu kimoja kimoja."

Nusura mkutubi atokwe na machozi.

Na kweli fundi alikuwa mwanafunzi. Hakuuliza jambo mara mbili. Siku hiyo hiyo alijua kutafuta kwa jina la mtunzi na kwa mada. Jumanne ya pili alijifunza kuchuja majibu kwa tawi, aone kitabu kiko jengo gani kati ya matawi yote tisa ya mji. Ya tatu alijiwekea arifa, simu yake ilie kitabu kikirudi. Mkutubi akawa hana habari nyingine wakati wa chai ila fundi wake. Mkuu mwenyewe alipita siku moja, akachungulia, akaondoka bila neno, na kwa mkuu yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kilibaki kikwazo kimoja. Ili kuona orodha ya vitabu vya mke ilitakiwa namba ya siri, na kanuni ilikuwa wazi: namba haibadilishwi mpaka mwenye kadi aje kwa miguu yake.

"Huyu hawezi kuja hapa," alisema fundi.

"Najua, kaka." Mkutubi akatazama kulia na kushoto, akabonyeza mara tatu. "Haya, andika namba mpya. Mimi sijaona kitu."

"Naomba niitazame peke yangu."

Mkutubi aligeukia rafu ya kamusi, kwa heshima. Nyuma yake alisikia pumzi ikivutwa.

"Kumbe anajifunza udereva," alisema fundi. "Hata hakuniambia."

Anajifunza. Neno lile lilimchoma mkutubi. Wafiwa wengi husema hivyo, kana kwamba marehemu yuko chumba cha pili anakunja nguo.

"Basi tukitafute hicho cha udereva," alisema kwa uchangamfu, ili wasilie wote wawili. Akakitafuta mwenyewe. Nakala ilikuwa moja tu, tawi dogo la upande wa pili wa mji. "Lo, kuna mtu anacho."

"Sasa tungoje mpaka achoke nacho?"

"Wee! Hapo ndipo utamu wa katalogi ulipo." Mkutubi alisogea karibu na kioo. "Ukikiwekea nafasi, aliyenacho hawezi tena kuongeza muda. Anatumiwa ujumbe: kitabu kinatakiwa, kirudishe. Na huyu siku zake zinaisha Alhamisi hii."

"Lazima akirudishe pale pale?"

"Ndivyo walivyo kwenye matawi madogo. Kuazima hata kadi hawadai, jina tu linatosha, lakini kurudisha ni kwao. Pale pale, kaunta moja, mlango mmoja. Tena Alhamisi hufungua saa nane mchana, saa kumi wamefunga."

Fundi aliyaandika yote kwenye daftari, polepole, kama anayeandika vipimo vya suti ya gharama.

"Lakini usijisumbue kwenda," mkutubi aliongeza. "Ijumaa kitaletwa hapa hapa."

"Hapana, dada. Nitakwenda mwenyewe. Nataka nikipokee kingali na joto la mkono."

Siku ya Alhamisi mkutubi hakutulia. Ilipofika saa tisa kasorobo uvumilivu ulimwishia, akampigia mhudumu wa lile tawi dogo, rafiki yake tangu chuoni.

"Shoga, leo anakuja huko mwanafunzi wangu, yule fundi cherehani ninayekusimulia kila siku. Mchukulie kwa upole, tafadhali. Anafuata kile kitabu cha udereva. Amefiwa na mke na mtoto, maskini."

Akasikia kicheko.

"Amefiwa na nani? Aliyekirudisha kitabu si huyo huyo mkewe, na binti yao kamshikilia sketi! Mume alikuwa keshakaa hapa, tepu yake shingoni, anawangoja tangu tunafungua. Wametoka sasa hivi wote watatu, kamkamata mkewe mkono utadhani maharusi. Ila mwenzangu, yule mama sijui ana haraka gani: kiatu chake kimoja kimebaki hapa mlangoni, nimemwita weee, wala hakugeuka."