Biskuti ya Kumi na Mbili

Pale kwenye geti la gereza, askari wa kike alizifungua biskuti za Mwajabu moja moja, kila moja vipande viwili, akachokoa krimu ya katikati kwa ncha ya kisu, kisha akazitia kwenye bahasha. Mwajabu alimkodolea macho. Kila mwezi alimletea mwanawe Sefu ladha mpya, mara chungwa, mara stroberi, mara mnanaa, ili mfungwa ajue madukani kumeingia nini. Zote zilimfikia zimeshafunguliwa. Leo alileta zile za zamani, nyeusi zenye krimu nyeupe. Kesho Sefu angehamishiwa gereza la mbali, na miguu ya Mwajabu haikuwa tena ya safari.

“Afande, niachie moja nzima.”

“Mama, utaratibu ni utaratibu.”

“Tangu mdogo anazifungua mwenyewe. Ukimfungulia, analia kutwa.”

“Ana miaka mingapi huyo?”

“Thelathini na mmoja. Nipekue mimi tena ukitaka, nivue na viatu. Moja tu.”

Askari aliutazama mlango wa mkuu wake. Ulikuwa umefungwa. Akaishika biskuti ya kumi na mbili, ya mwisho, akaigonga mezani kusikiliza kama imefichwa kitu, akaidumbukiza kwenye bahasha vilevile ilivyo.

“Pita, mama. Unachelewesha foleni.”

Upande wa pili wa wavu, Sefu alipapasa ndani ya bahasha mpaka vidole vikasita. Akaitoa ile nzima, akaishika kwa mikono miwili kama anayetaka kuizungusha ifunguke. Hakuizungusha.

“Fungua basi,” Mwajabu alisema. “Muda unakwisha.”

Kengele ilipolia, Sefu alikuwa bado ameishika, nzima.