Bia ya Mama Ciru

"Siyo hii," alisema Mzee Muigai, akamwaga glasi nzima kwenye sinki.

Joash alikaza meno. Hii ilikuwa mara ya tatu. Kila mara ilimchukua mwezi mzima kuchemsha kimea, kutia hops, yale maua ya uchungu, kungoja hamira ifanye kazi na kujaza chupa. Na kila mara Mzee alionja funda moja tu.

Joash alikuwa mpishi katika nyumba hiyo ya Karen, Nairobi, kwa miaka kumi na miwili. Bia haikuwa kazi yake. Ilikuwa ya Mama Ciru, mke wa Mzee. Mzee alisomea Uingereza, mkewe Marekani, na kila mmoja alirudi na bia yake ya kusifia. Walibishana miaka, mpaka Mama Ciru akaamua kupika yao: kimea cha Kiingereza, hops za Kimarekani, uchungu wa kufunga taya. Tangu alipozikwa Februari 2006, Mzee hakutaka kinywaji kingine.

"Yake ilikuwa na harufu ya machungwa," Mzee alisema. "Hii ni dawa ya malaria."

"Mzee, nimefuata daftari lake neno kwa neno."

"Basi hujui kusoma."

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa amepima kila kitu kwa mizani. Alikuwa ameifunga ndoo ya bia taulo za maji baridi isipate joto, akizibadilisha mchana kutwa. Ciru mwenyewe, binti wa Mzee, alituma hops kutoka Marekani, zile zile za mamake. Hata Nanyama, mfua nguo wa nyumba hiyo aliyewahi kupewa bia hiyo na marehemu, alilamba midomo akasema, "Aki Joash, hii ni yenyewe kabisa."

"Nakupa mpaka Ijumaa," Mzee alisema. "Ukishindwa tena, Jumatatu baki kwako Kabiria."

Nyumbani, mkewe Selpher alimwambia aache tu hiyo kazi. Joash hakulala vizuri; hakuna bia mpya ambayo ingeiva kufikia Ijumaa. Watoto watatu walikuwa shuleni, na angefukuzwa kwa sababu ya kitu ambacho yeye mwenyewe, mtu wa kanisa, hakukinywa.

Ijumaa saa kumi alipeleka glasi barazani, ameishika kwa mikono miwili. Mzee aliinusa. Akapiga funda, akalishikilia mdomoni muda mrefu, macho ameyafumba.

"Siyo hii," Mzee alisema hatimaye, na sauti yake ikakatika. "Joash, kwani ni nini unachosahau kutia?"

Joash alirudi jikoni. Chupa aliyoimimina ilikuwa bado mezani. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu kule stoo, na kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni, Mama Ciru alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Nimepika Januari 2006*.