Somo la Nne, Mpaka Chini Kabisa

"Mpaka chini kabisa, mwanangu," mzee alirudia, macho yamemganda kwenye kompyuta. "Usiache kitu."

"Tulia, mzee wangu. Uko mikononi mwa fundi."

Mama Printa hakuwa anajigamba bure. Mtaa mzima ulimjua. Ukimpelekea ukurasa wa mtandaoni uliojaa matangazo na makorokoro, anakukabidhi karatasi safi zenye maandishi yaliyonyooka. Wino wake haukupotea kwa upuuzi.

Juu ya ukurasa palikuwa na tangazo jekundu: kozi ya kuoka mikate ingefungwa saa sita mchana, na kila kitu kingefutwa. Masomo mengine yalikuwa yameshaondolewa, limebaki la nne tu. Mzee alikuwa amekuja na nywila kwenye kipande cha karatasi, vifungo vya shati vimepishana, sauti imemkauka. Huo ni mtihani, Mama Printa aliwaza, akamwonea huruma. Umri wote ule, na bado mtu anakosa usingizi kwa ajili ya mtihani!

"Somo lenyewe linahusu nini, mzee?"

"Sijui, mwanangu. Wewe nihifadhie tu."

Kumbe hata kusoma hajasoma! Huruma ikamzidi.

Akateremsha ukurasa. Chini ya maelezo ya mwalimu kulikuwa na maswali ya wanafunzi, karibu yote yameandikwa na mtu mmoja aliyejiita Msumbufu. Mama Printa akayasoma kwa sauti, angalau mzee wa watu achangamke.

"'Mwalimu, unga umeumuka mpaka umemeza kijiko. Niuache au niukimbie?'"

Mzee akacheka, mabega yakamtikisika.

"'Mwalimu, mkate wangu chini umeungua, juu mbichi. Baba ameumaliza wote, anasema mtamu. Nimwamini?' Ha! Huyu naye kaja kusoma au kaja kuvunja watu mbavu?"

"Hilo lisome tena," mzee akasema.

Akalisoma tena. Mzee akajifuta machozi kwa kiganja, akaomba alirudie. Mama Printa akalirudia, roho yake imetulia kwamba walau amemtoa mtu hofu. Lakini muda ulikuwa unayoyoma, na mtandao siku hiyo ulikuwa unajikokota.

"Tutacheka baadaye, mzee wangu. Tuwahi kwanza."

Vidole vikaingia kazini. Akaondoa matangazo, akaondoa picha, akaondoa na ule utani wote wa chini. Akabakiza mafundisho matupu ya mwalimu, akayahifadhi. Aliporudi kwenye ukurasa wenyewe, ulikuwa mweupe pe, una neno moja tu katikati: Imefungwa.

"Tumewahi!" Akapiga meza kwa furaha. "Chupuchupu, lakini tumewahi."

Printa ikanguruma, ikatema karatasi. Zilipendeza utadhani zimechanwa kitabuni. Mzee akazipokea kwa mikono miwili. Akazifunua moja moja hadi ya mwisho, kisha akaanza upya, safari hii polepole. Akaigeuza ya mwisho, akatazama upande wake wa nyuma.

"Maswali yako wapi?"

"Nimeyatoa, mzee wangu, usibebe mzigo wa bure. Yale hayaji kwenye mtihani."

"Mtihani gani?"

Mama Printa akageuka kumtazama. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi bila kukaribishwa, karatasi zimelala mapajani.

"Msumbufu ndivyo nilivyokuwa namwita binti yangu," alisema. "Tumemzika Jumanne."