Pakacha Lisilo na Kitako

Kuti bichi la mnazi lilifika kutoka Salala juu ya gari ya mjomba, na bibi akalirukia kama mtoto aliyeona halua. Makuti ya mitende ya hapa Al Khoudh alishayajaribu, yakamchoma vidole tu.

Akakaa chini, akalipasua katikati kwa kisu, akaanza kusuka pakacha. Hamdiya, mjukuu wake, alibaki mdomo wazi.

"Maembe ya shamba zima tukiyatia humu, wewe! Si hiyo mifuko yenu ya nailoni."

Alipofika kitakoni, mikono ikasimama.

"Funga basi, bibi."

"Sijui kufunga, mwanangu. Mie nikisuka tu. Akifunga dada yangu."

Dada huyo alibaki Pemba, na tangu wagombane siku bibi alipohamia huku ng'ambo, hakuna aliyethubutu kumtaja mbele ya bibi.

Bibi alilipakata pakacha, majani yananing'inia kama nywele zilizofumuliwa. Akayapapasa, moja moja.

"Niletee simu. Nambari anayo mama yako, mnanificha mkidhani sijui. Na usiondoke hapa. Akinikatia, umpigie tena."