Waya Mzima

Fundi Makame alijivuta kutoka chini ya gari kuukuu la marehemu, akafuta mikono kwa tambara bila kumtazama Bi Salha.

“Mama, breki ya mkono nzima. Nimeivuta mara tano pale mteremkoni, gari halikusogea. Siku ile kuna mtu aliiachia.”

Bi Salha aligeuka kulitazama geti. Mtaa mzima ulikwisha kukubali kwamba waya wa breki hiyo ulikatika kwa uchakavu, gari likaserereka na kumbana mumewe getini hadi akafa. Lakini aliyekuwa akicheza ndani ya gari ni binti yao Nasra, mwenye miaka sita, na shemeji yake Hemedi, ndugu wa marehemu, hakuacha kuuliza maswali.

“Leo anakuja kuuona huo waya kwa macho yake,” alisema Bi Salha. “Ukate, baba.”

“Nikiukata kwa mkato mmoja atajua. Waya mchakavu hukatika uzi mmoja mmoja.”

“Basi nipe mimi.”

Makame aliufungua, akamwekea mapajani. Bi Salha aliketi juu ya tairi, akashika uzi wa kwanza kwa koleo, akaukunja huku na huku mpaka ukakatika. Kisha wa pili. Vidole vilianza kutoka damu.

Zilikuwa zimebaki nyuzi nne sauti ya Hemedi ilipoita langoni.

“Hodi humo! Shemeji, Nasra nimempitia kwa jirani, nimekuja naye. Kumbe mtoto huyu akianza kusimulia ya siku ile, hamalizi!”

Bi Salha hakuinua kichwa. Aliushika uzi uliofuata, akaukunja.