Ahadi ya Marehemu Mgonja

Siku hizi mlango wa nyumba ndio unaosimamia ahadi ya mazoezi ya mwenye nyumba, na humhimiza kwa sauti aliyojirekodi mwenyewe. Akifa, ahadi humwangukia mwenzake.

Mgonja aliahidi kupanda kilima cha Kwamwinjo mara mia. Alipanda mara kumi na nne, akafa. Zilizobaki zikawa za mkewe, Bi Nakiete.

Kila Jumamosi asubuhi mlango ulimfukuza kwa sauti ya marehemu.

"Toka, kitambi wewe. Umekula ugali wa watu wawili."

"Kitambi kilikuwa chako, baba Elieza," Bi Nakiete alijibu, akifunga kamba za raba.

Jumamosi ya kupanda mara ya mia, jirani yake Namsifu alimsindikiza na chupa ya chai. Zilipobaki hatua kumi kufika kileleni, Bi Nakiete aliketi juu ya jiwe.

"Dada, ni hapo tu. Ukifika, ile sauti inafutwa, nawe utalala asubuhi kama watu."

"Ndiyo maana nimekaa."

Wakanywa chai yote, wakashuka.

Jioni mlango ulikataa kufunguka. "Umeishia njiani tena, mvivu wewe. Huoni haya?"

"Sioni," alisema Bi Nakiete. Alitandika mkeka barazani, akaegemeza mgongo mlangoni.

Namsifu alimletea blanketi. "Utalala nje mpaka lini, dada?"

"Nyamaza kidogo," alisema Bi Nakiete. "Bado ananisema."