Wafu Hawaonji Chumvi

Chumvi ilikuwa tayari vidoleni mwa Monique, sufuria ya maharage iko wazi mbele yake, aliposikia mume wake akibisha hodi. Hakuitia. Aliirudisha ile chumvi kwenye kidau, akakifunika, akakisukuma chini ya kitanda. Ndipo akaenda kufungua.

Serge alikuwa amesimama nje, kwenye upepo wa vumbi uliowafungia watu wa kambi ya Kakuma ndani tangu asubuhi. Alikuwa amekonda. Vumbi lilikuwa limempaka nyusi na kope.

Hakumpa mkono. Monique naye hakuutoa wake.

"Karibu, baba Inès."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Didace, jirani yao wa zamani kule Uvira, afike kambini na habari kwamba mashua imezama ziwani na Serge alikuwamo. Didace hakuwa mtu wa uongo. Monique akaweka matanga, akanyoa nywele, watu wa kanisani wakaja kumwimbia. Lakini mwili hakuuona, na mtu usiyemzika, sikio haliachi kumngoja mlangoni.

Kijijini walikokulia yeye na Serge, wazee walisema hivi: mfu akirudi kwako, usimfukuze. Mpe kiti, mpe chakula. Ila chumvi usimwekee. Mfu akionja chumvi hukumbuka kwamba amekufa. Huinuka akaenda zake, wala harudi tena.

Kidau chenyewe kilitoka mezani kwa baba mkwe wake. Kilichongwa kwa mti mweusi, na wakati wa amani kilikaa mbele ya mwenye nyumba. Mgeni akisogezewa kidau, alijua amekubaliwa. Siku ya kukimbia, Monique alikifunga kwenye kitenge kimoja na mtoto. Vingine vyote viliachwa. Leo mwana wa mwenye meza amekuja, naye anamficha kidau.

Serge aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mbali naye. Akamtazama miguu kwa muda mrefu, kisha uso.

"Ni hapa unakaa?"

"Ni hapa."

"Watu wa hapa ni wazuri?"

"Wazuri. Nyaduoth, yule Msudani wa mlango wa pili, amekuwa kama dada."

"Na lile tumbo lililokuwa linakusumbua?"

"Halinisumbui tena."

Serge akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolijua.

"Na Inès? Inès yuko na wewe?"

"Yuko. Saa hizi anatoka shule, anakuja kula."

"Basi ni kweli," alisema Serge. "Mko pamoja." Akajifunika uso kwa viganja, na machozi yakapenya kati ya vidole yakachora mistari kwenye vumbi.

Monique alisonga ugali, akapakua maharage, akaweka sahani juu ya meza, akarudi nyuma. Serge alisogea, akala. Huyu ndiye Serge aliyekuwa akinyunyizia chumvi hata papai, mpaka mama yake akamtania kwamba alizaliwa na mbuzi. Sasa alikula chakula chapwa mpaka kikaisha, wala hakuuliza chumvi iko wapi.

Basi Monique akajua, na ajabu ni kwamba hakuogopa. Aliangalia kile kisogo chembamba, lile kovu nyuma ya sikio, namna alivyoifuta sahani kwa tonge la mwisho. Moyoni akasema: nitampikia hivihivi maisha yangu yote. Nani ataniuliza?

"Mimi nimechoka kuishi mbali na ninyi," Serge alisema. "Inès akifika tutakuwa watatu. Hatutaachana tena."

"Tutakaa hapa?"

"Popote mlipo sasa, ndipo nataka kuwa. Popote mnakokwenda, tutakwenda wote."

"Kwenda wapi, baba Inès?"

Serge aligeuka akaangalia mlango.

Nje, upepo ulitulia kidogo, na Monique akasikia sauti ya binti yake huko uchochoroni ikimwamkia Nyaduoth, na Nyaduoth akimjibu kwa kicheko. Kisha nyayo ndogo zikaja zikikimbia.

Monique akayakumbuka yale maneno: tutakwenda wote. Alimpenda mwanamume huyu kuliko alivyowahi kumwambia. Angempa sahani yake, kitanda chake, usingizi wake. Lakini mtoto alikuwa hai.

Alipiga magoti, akakivuta kidau kutoka chini ya kitanda, akakiweka mezani mbele ya Serge, pale kinapostahili kukaa. Akakifunua.

Serge aliruka kutoka kwenye kigoda kana kwamba amewekewa nyoka.

"Ondoa hiyo."

"Onja kidogo tu."

"Ondoa, Monique. Nakuomba."

"Nisamehe," alisema Monique, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Nisamehe, mpenzi wangu. Tazama, nami nitaonja pamoja nawe." Akachota chumvi kwa vidole, akaipeleka mdomoni.

Serge alimrukia, akamshika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kimelowa jasho, na mshipa wa kidole gumba ulikuwa ukimpigapiga kwenye ngozi.

"Usile," alimsihi. "Jana tu nimepiga magoti kwenye kaburi lenu kule Lodwar, wewe na mtoto. Usile chumvi, mama Inès. Kaa na mimi kidogo."